Mtu Mmoja Aweza Kutunga Wimbo?

Wazee husema: Kidole kimoja hakivunji chawa. Na katika mambo ya ngoma na nyimbo, methali hiyo yaonekana kuwa kweli kupita mahali pengine pote. Hapa kwetu, Butembo na Beni, nani amewahi kusikia endara ikipigwa na mtu mmoja? Endara ndiyo marimba kubwa ya Wayira. Mbao zake hulazwa juu ya vigogo vya migomba, na wapigaji hukaa pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Filimbi za eluma ni vivyo hivyo: kila mpulizaji ana filimbi yenye sauti moja tu, naye hungoja zamu yake. Wimbo hautoki katika filimbi hii wala ile, bali watoka katikati ya watu. Mmoja akikosa kuja, wimbo una pengo, na kila mtu asikia.

Lakini siku hizi jambo jingine limeingia. Kijana mmoja, katika chumba kimoja, mwenye simu au kompyuta, hutunga maneno, huyaimba, hupiga gita, huweka ngoma, kisha hujiitikia mwenyewe kana kwamba yeye ndiye korali nzima. Hana mwenzake wa kumngoja wala wa kumngojea. Akimaliza, huutuma wimbo kwa rafiki zake, na kabla ya jua kuchwa watu wa Oicha, Kasindi na Lubero wameusikia.

Juu ya nyimbo hizo watu wamegawanyika. Wengine wazilaumu zote. Wasema si nyimbo, ni mtu anayezungumza na kivuli chake. Wengine wazisifu zote, kwa sababu zatoka kwa vijana wetu na mashine ni mpya. Ndugu msomaji, hukumu hizo mbili ni za uvivu. Yafaa tuzipime nyimbo zenyewe, na tuanze kwa kuuliza kama jambo hili ni jipya kweli.

MTU MMOJA NA VIDOLE VIWILI

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alikuwa akizunguka Kongo na mitambo yake ya kunasa sauti. Mwaka huo alifika hata pande zetu, akanasa muziki wa Wanande na wa jirani zao wa mwituni, Wabira na Wambuti. Na mwaka huo huo, mbali sana kusini, katika mji wa Jadotville ambao leo waitwa Likasi, alimkuta kijana wa miaka kama 22, jina lake Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, wa kabila la Bayeke. Kijana huyo alikuwa na gita lake tu. Wimbo wake uitwao Masanga ulinaswa, ukatolewa katika santuri, ukapendwa Katanga, Rodezia, Kenya na Uganda. Mpaka leo wapigaji gita wa nchi mbalimbali hujifunza kwa wimbo huo.

Tazameni ajabu ya kalamu ya historia. Katika safari za mwaka mmoja, mtu yule yule alinasa filimbi za watu wengi na gita la mtu mmoja. Hakuona kwamba moja ni muziki na jingine si muziki.

Masanga yapigwaje? Kwa vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na kidole cha shahada. Gumba lashika nyuzi nene na kutembea kwa mwendo wake. Kidole cha shahada chacheza juu ya nyuzi nyembamba, mara chajibu gumba, mara chalitangulia, mara chalinyamazia. Anayesikia mara ya kwanza adhani kwamba wapigaji ni wawili. Basi methali ya wazee haikuvunjwa: vidole vilikuwa viwili! Bosco hakuutupa ufundi wa watu wengi, ule wa kuitana na kuitikiana. Aliuingiza ndani ya mkono mmoja.

Na sasa angalieni jambo la muda. Santuri za wakati ule zilichukua dakika kama tatu kila upande. Mwimbaji alikaa mbele ya mikro, akapiga tangu mwanzo hata mwisho kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyenasa leo sauti, kesho gita, keshokutwa maitikio. Akikosea, aanza tena. Kwa hiyo kunasa kulikwenda upesi. Je, ndiyo kusema kwamba wimbo ulitungwa upesi? La, hasha. Mtaalamu David Rycroft alisikiliza rekodi za Bosco kwa makini, akaandika juu yake makala mbili, mwaka 1961 na 1962, akionyesha jinsi mpigaji yule alivyougeuza-geuza muziki wake, kwa namna nyingi, bila kuupoteza. Mtu hawezi kuingia na kutoka hivyo katika nyumba asiyoijua milango yake. Upole wa kazi ulikuwa umekwisha pita kabla ya mitambo kufunguliwa. Mashine ilinasa dakika tatu. Nyuma yake palikuwa na siku nyingi za kurudia na kurudia, ambazo hakuna santuri iliyoziandika.

Simsifu Bosco kwa yote. Katika nyimbo zake nyingi maneno huruka-ruka kama mazungumzo ya barazani: mara safari, mara mwanamke, mara pombe, mara salamu kwa rafiki. Anayetafuta hadithi yenye kichwa na miguu haipati. Lakini sauti yake yaingia kama mtu anayesema, si kama mtu anayejionyesha, na kila neno laangukia mahali pake. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Masanga bado yapigwa na watu ambao hawakumwona. Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri hata Shaba kutafuta wapigaji wa namna ile, akatoa kitabu juu ya safari hiyo mwaka 1982. Wimbo wa mtu mmoja umekuwa wa watu wengi. Tulishike neno hilo, maana tutarudi kwake.

MTU MMOJA NA SAUTI NYINGI

Namna ya pili ya kufanya wimbo peke yako ni ile ya kuweka sauti juu ya sauti. Nayo si ya juzi. Mwaka 1941, huko Marekani, mpigaji mashuhuri Sidney Bechet alipiga vyombo sita yeye peke yake katika wimbo mmoja. Alipiga chombo cha kwanza kikanaswa katika sahani, kisha sahani ikachezwa naye akapiga cha pili juu yake, vyote viwili vikanaswa katika sahani nyingine, na kuendelea. Kila mara sauti ya kwanza ilizidi kufifia na mikwaruzo ilizidi kukua. Kwa hiyo alilazimika kuwaza mbele: kipi kitangulie na kufifia, kipi kije mwisho na kusikika wazi?

Hukumu yangu juu ya kazi ile? Ni ufundi mkubwa, na ni wimbo mdogo. Vyombo ni sita, lakini hakuna anayemshangaza mwenzake. Katika kundi la kweli mpiga ngoma husikia jambo asilolitazamia, akacheka moyoni, akalijibu. Bechet alijua tayari yote ambayo Bechet angesema. Hilo ndilo shimo la kwanza la anayefanya kazi peke yake.

Lakini shimo hilo larukika. Francis Bebey wa Kamerun alifanya kazi Unesco huko Paris, akaiacha mwaka 1974 ili ashike muziki. Katika nyumba yake mwenyewe alinasa nyimbo akichanganya sanza na filimbi za Kiafrika na vinanda vya umeme. Alicheza na mashine kama mtu anavyocheza na mtoto: aliichokoza, akaifanyia mzaha, akaicheka. Na Hailu Mergia wa Ethiopia, aliyekuwa kiongozi wa kundi la Walias huko Addis Ababa, alibaki Marekani baada ya safari ya kundi lake. Mwaka 1985, katika Washington, alifanya kaseti nzima peke yake: kodiani ya utoto wake, vinanda vya umeme, na mashine ya ngoma. Baadaye alikuwa dereva wa teksi. Kaseti ile ilikaa karibu kusahauliwa mpaka ilipotolewa tena mwaka 2013, naye akarudi kupiga mbele ya watu katika nchi nyingi.

Sikilizeni kodiani ya Mergia juu ya ngoma ya mashine. Mashine haichoki wala haifurahi. Yapiga vile vile tangu mwanzo hata mwisho. Lakini kodiani haiifuati kama mtumwa. Yachelewa kidogo, yavuta pumzi, yaja baada ya pigo kama mzee anayejibu salamu bila haraka. Hapo katikati, kati ya mashine inayokwenda na mtu anayechelewa, ndipo wimbo ulipo. Kasoro ipo: ngoma ile ikirudia muda mrefu, sikio lachoka. Lakini tumejua siri. Anayefanya peke yake yampasa aache ndani ya wimbo nafasi ya mwenzake asiyekuwapo.

KAZI YA CHUMBANI

Tuje kwetu. Mji wa Butembo ni mji wa biashara na mji wa nyimbo za kanisa. Waimbaji wake wengi wamejifunza sauti katika korali: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kwa nini basi mtu aliyezoea watu arobaini aende kuimba peke yake?

Sababu si kiburi tu, kama wengine wasemavyo. Kunasa korali nzima kwataka chumba kikubwa, mikro nyingi, nauli za watu, chakula cha siku, na umeme usiokatika. Mtu mmoja ataka kidogo. Tena kulikuwa na nyakati ambapo watu hawakuweza kukutana. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini mwezi wa Agosti 2018, ukatangazwa kuwa umekwisha mwezi wa Juni 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa, wengi wao katika pande zetu hizi. Mwezi wa Machi 2020 makanisa ya nchi nzima yalifungwa kwa sababu ya Korona. Aliyekuwa na wimbo moyoni, angeuimba na nani? Aliuimba na simu yake.

Na kazi hiyo, ikifanywa vizuri, ni ngumu kuliko watu wanavyodhani. Kwanza mtu huimba sauti ya kuongoza, mbaya au nzuri, ili iwe kama kamba ya mwashi. Kisha aweka mdundo. Kisha gita. Kisha aifuta sauti ile ya kwanza na kuimba ya kweli. Halafu maitikio: sauti ya juu, ya kati, ya chini, kila moja mara mbili au tatu. Kila anapoongeza, yampasa arudi kusikiliza yote yaliyotangulia. Wimbo wa dakika nne wenye sauti kumi umesikilizwa mara mia kabla haujatoka chumbani.

Na chumba chenyewe chapigana naye. Butembo ni mji wa milimani na mvua ni nyingi. Mvua ikianza juu ya mabati, kazi imekwisha kwa siku hiyo. Jenereta ya jirani yanguruma. Jogoo awika mahali pabaya. Kuta ngumu zarudisha sauti kama kisima, hata mtu aegemeza godoro ukutani na kujifunika blanketi, akiimba ndani yake kwa jasho, hasa akiwa Beni ambako joto ni kali zaidi. Umeme ukikatika, angojea jua la kesho lijaze betri. Ndiyo sababu vijana wengi hufanya kazi usiku wa manane, wakati mji umenyamaza. Lakini usiku mtu huimba kwa sauti ya chini ili asiamshe watoto, na sauti ya chini haina nguvu ya kuvuka bonde. Nyimbo nyingi za siku hizi zanong'ona, wala si kwa sababu ya huzuni. Zanong'ona kwa sababu ya jirani aliyelala.

Tabu hizo zote si hasara tupu. Mwenye kungoja mvua ipite hupata saa ya kuuliza: mstari huu wafaa? Neno hili ni la kweli? Hasara yaja pale anapoondoa tabu kwa mashine na kuiondoa pamoja na saa ya kufikiri. Mashine ya kunyoosha sauti yasahihisha kila kosa, nayo yafuta pia ile mikunjo ya sauti ambayo kwayo twamtambua mwana wa fulani. Midundo iliyo tayari yachukuliwa katika intaneti, ya bure, ile ile Butembo, Lagos na Paris. Ndipo twasikia nyimbo ishirini zenye miguu ya mtu mmoja.

UZITO WA MANENO

Hapa nataka kukaa zaidi, maana ndipo penye kasoro kubwa, na ndipo masikio yetu yalipozoea kosa hata hayalioni.

Kiswahili chaweka uzito juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa chaweka uzito mwisho. Zamani watu walipochukua nyimbo za Kifaransa na kuzitia maneno ya Kiswahili, noti ndefu na yenye nguvu iliangukia silabi isiyo na nguvu. Tukaimba Munguuu, tukaimba Bwanaaa, na jina likapinda kinywani. Tulizoea. Lakini mwambie mama wa kijijini atamke maneno hayo bila wimbo. Hatayatamka hivyo hata kidogo. Na pengine maana yenyewe yageuka. Neno barabara likitiwa nguvu silabi ya tatu ni njia ya magari. Likitiwa nguvu silabi ya pili lina maana ya sawasawa, vema kabisa. Mtunzi aliyetaka kusema kwamba watu wasimame imara aweza kuwasimamisha katikati ya njia! Kinande kina tabu zaidi, maana katika lugha hiyo sauti kupanda na kushuka ni sehemu ya neno lenyewe. Wimbo ukishuka mahali neno lapanda, msikilizaji hupapasa kama mtu gizani.

Wale wa zamani walikuwa na udhuru: wimbo ulikuja tayari kutoka ng'ambo. Mtunzi wa peke yake hana udhuru huo. Hakuna anayemlazimisha. Angeweza kuanza na neno: kulisema polepole, kulisikia lainukia wapi, kulirefusha pale linapotaka kurefuka, na kuacha sauti izaliwe humo. Hiyo ndiyo neema kubwa ya kuwa peke yako: hakuna watu arobaini wanaongoja wakitazama saa. Lakini wengi hufanyaje? Huanza na mdundo ulio tayari, kisha husukuma maneno ndani yake kama mtu anayesukuma mguu katika kiatu cha mwingine. Ndilo kosa lile lile la zamani, limevaa nguo mpya. Jana tulikopa sauti ya ng'ambo, leo twakopa mdundo wa ng'ambo, na neno letu bado lachechemea.

Kwa kulinganisha, ikumbukwe Missa Luba iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na watoto na walimu, chini ya Padri Guido Haazen. Maneno ni ya Kilatini, lakini sauti zilizaliwa katika vinywa vya waimbaji wenyewe, kwa kujaribu na kurudia pamoja. Ilikuwa kazi ya wengi na ya polepole. Masanga yalikuwa kazi ya mmoja na ya polepole. Zote mbili zadumu. Basi idadi ya watu si kipimo. Kilicho sawa katika zote mbili ni kwamba sauti ilitafutwa kwa kinywa na mkono, haikuchukuliwa rafuni.

NYIMBO ZA MSIBA

Mngeweza kuniuliza: Kuna shida gani wimbo ukichechemea? Ni wimbo tu, utasahauliwa. Nawajibu: kuna nyimbo ambazo haifai zisahauliwe.

Tangu mwezi wa Oktoba 2014 watu wa Beni, mjini na vijijini, wameuawa kwa mapanga na bunduki, miaka juu ya miaka. Waliokufa ni maelfu. Mwezi wa Agosti 2016 ilikuwa Rwangoma. Kabla yake na baada yake zilikuwa mahali pengi, hata hesabu yachosha. Na kila mara, siku mbili au tatu baada ya mazishi, wimbo hutoka. Umefanywa na mtu mmoja, usiku mmoja, chumbani. Ndani yake mna majina ya wafu, pengine picha zao, na kilio.

Sithubutu kumcheka afanyaye hivyo. Wakati wengine wamenyamaza, yeye amesema majina. Jamaa za marehemu huuhifadhi wimbo huo katika simu kama watu wa zamani walivyohifadhi picha katika Biblia. Lakini kwa kuwa jambo ni kubwa, ndipo yafaa kupima zaidi, si kupunguza. Nimezisikia nyingi za nyimbo hizo, na nyingi zafanana. Mdundo ni ule wa nyimbo za mapenzi, umepunguzwa mwendo. Sauti imenyooshwa na mashine hata kilio chake hakina kokoto. Maneno ni ya jumla: damu imemwagika, dunia imenyamaza, lini amani itakuja. Ondoa jina la Rwangoma, weka la kijiji kingine, wimbo wasimama vile vile. Hiyo ndiyo dalili mbaya. Wimbo wa msiba ambao wafaa kila msiba haujamlilia mtu yeyote.

Linganisheni na mama zetu katika matanga. Mama anayelia hasemi damu imemwagika. Asema: ni nani atakayekwenda sasa kuchota maji pale mtoni, ni nani atakayeniita kwa jina lile, jembe lako limeegemea ukuta na mihogo haijapaliliwa. Anaimba peke yake, naam, peke yake kabisa. Lakini mstari wake ukiisha, wanawake waliokaa chini waupokea. Hawakufundishwa. Waupokea kwa sababu umewaachia nafasi, na kwa sababu jembe lile walilijua. Mama huyo hana mashine, lakini ajua sanaa yote niliyoijadili hapa: neno la kweli, uzito mahali pake, na pengo kwa ajili ya mwenzake.

Basi hatari ni hii. Baada ya miaka ishirini, watoto wa Beni watawakumbuka wafu wao kwa wimbo gani? Simu zitakuwa zimekufa, kama kaseti zilivyokufa. Nyimbo zilizokaa katika simu tu zitakufa nazo. Zitabaki zile zilizohamia vinywani. Na wimbo hauhamii kinywani kwa sababu una huzuni. Wahamia kwa sababu waimbika.

SHAURI

Nirudi kwenye swali la mwanzo: mtu mmoja aweza kutunga wimbo? Aweza. Bosco aliweza, Mergia aliweza, mama wa matanga aweza kila siku. Lakini mmoja hawezi kuumaliza. Wimbo wa mtu mmoja wamalizwa na kinywa cha pili.

Kwa hiyo nawapa vijana wetu wa chumbani mashauri matatu, si ya kuwakataza bali ya kuwasaidia.

La kwanza: Polepole yenu iwe kabla ya mashine. Uimbe wimbo wako njiani ukienda shambani au sokoni, bila gita, bila simu, kwa majuma kadhaa. Mstari unaousahau mwenyewe, uutupe. Hata wengine watausahau. Mstari unaojirudia bila kuitwa, huo ndio wimbo.

La pili: Uanze na neno, si na mdundo. Litamke kwa sauti kama unavyozungumza na nyanya yako. Pale sauti yako inapoinuka, wimbo uinuke; pale inapokaa, ukae. Ukiwa na mdundo wa kukopa, uukate na kuushona upya mpaka ukutoshe wewe, wala usijikate wewe uutoshee.

La tatu: Kabla hujautuma, mwimbie mtu mmoja, uso kwa uso, bila mashine. Si rafiki anayekusifu. Tafuta mzee asiyependa muziki wenu, au mtoto wa shule. Umwimbie mara mbili. Mara ya tatu unyamaze baada ya mstari wa kwanza. Akiendelea yeye, tuma wimbo wako. Asipoendelea, rudi chumbani, ukae tena. Haraka haraka haina baraka, na mvua ya Butembo itakupa nafasi.

Nao wasikilizaji wana wajibu wao. Tusipokee kila kitu kwa sababu kimetoka kwetu. Mkulima huchagua mbegu hata katika mahindi ya shamba lake mwenyewe. Hahesabiwi kuwa mchoyo kwa hiyo. Tukichagua leo kwa masikio makali, wana wetu watakuwa na nyimbo za kuimba juu ya watu wetu waliokufa, nao watazijua kwa moyo, hata usiku ambao hakuna simu yenye betri.